Maswali ya Wasomaji: Umama Katika Riwaya za Distopia

SWALI: Insha yangu ya uhakiki wa kifeministi kuhusu umama katika The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood (1985), riwaya ya distopia, yaani ya jamii ya kubuni iliyojaa ukandamizaji, imerudishwa. Mhadhiri anasema nimesimulia mateso tu, sikuhakiki. Nianze wapi upya?

JIBU: Anza na vitenzi. Chukua sehemu ambayo Janine, mmoja wa vijakazi wanaolazimishwa kuwazalia watoto wakubwa wa dola, anajifungua, uandike nani anabeba mimba, nani anasukuma, nani anakabidhiwa mtoto, nani anampa jina. Utaona umama umekatwa vipande na kugawanywa. Kigoda cha kuzalia kina sehemu mbili za kukalia: Mke wa Kamanda (mkubwa wa dola mwenye nyumba) anakaa ile ya juu, nyuma ya kijakazi mwenye uchungu, kisha yeye ndiye anayelazwa kitandani na kuletewa mtoto. Janine atanyonyesha miezi michache, halafu ahamishiwe nyumba nyingine. Hiyo tayari ni hoja.

Sheria nayo ihakiki. Gilead, dola ya riwaya hiyo, haikubali kwamba mwanamume anaweza kuwa mgumba. Tasa ni mwanamke tu. Kijakazi asipozaa hata katika nyumba ya tatu, anapelekwa Makoloni, kambi za kazi za kuua, hata kama kasoro ni ya Kamanda. Atwood alijiwekea sharti la kutoingiza jambo lisilo na mfano katika historia: Romania, kwa Amri ya 770 ya mwaka 1966, ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache, ili wananchi waongezeke.

Insha nyingi huharibikia kwenye hitimisho, kwa kudai kwamba umama wenyewe ndio kifungo. Adrienne Rich, mwandishi mfeministi wa Marekani, katika Of Woman Born (1976), alitenganisha umama anaouishi mwanamke na umama kama taasisi iliyo mikononi mwa wanaume. Shikilia tofauti hiyo, kwani riwaya inakwenda mbali zaidi: Serena Joy, Mke wa Kamanda, anamwahidi msimulizi, ambaye ni kijakazi wa nyumba hiyo, picha ya binti yake aliyenyang'anywa, wakati wakipanga apate mimba kwa Nick, dereva wa Kamanda. Upendo wa kweli unageuzwa kamba ya kumfungia.

SWALI: Je, mtoto akikuzwa nje ya tumbo, mwanamke amekombolewa?

JIBU: Inategemea nani anaiendesha mashine. Katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932) watoto hutoka chupani na kutamka neno mama ni aibu, lakini mwenye kauli ni Mustapha Mond, mmoja wa watawala wa dunia hiyo. Marge Piercy, katika Woman on the Edge of Time (1976), anampa kila mtoto mama watatu, na wanaume pia hunyonyesha. Usiruke hasira ya Connie, mhusika mkuu, anapoliona hilo: dola ilishamchukua binti yake, na sasa anaona wanaume wamepewa hata titi.