Tunapoulizwa Kuhusu Kwaki Nzito Ndani ya Protoni

Nafundisha fizikia katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba, na wanafunzi wanaosoma zaidi ya mtaala huniuliza mara kwa mara: kwaki ya chamu, aina nzito ya kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni), yenye tungamo la takriban elektronivolti bilioni 1.27 (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo la chembe) inakuwaje ndani ya protoni isiyofika hata bilioni 0.94? Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, pishi ya karafuu itakuwaje nyepesi kuliko punje moja iliyomo ndani yake?"

Walimu wenzangu, nawashauri tusilikwepe swali hilo kwa kusema kuwa protoni ina kwaki tatu tu. Hizo tatu ndizo zinazoipa chaji yake, lakini tungamo lao kwa pamoja ni kama asilimia 1 tu ya tungamo la protoni, na sehemu kubwa iliyobaki inatokana na nishati ya mwendo wao na ya gluoni zinazozifunga pamoja. Mwanafunzi akilishika hilo, ataacha kujumlisha vilivyomo, na ataelewa kuwa gluoni inaweza kugeuka, kwa muda mfupi mno, kuwa jozi ya chamu na antichamu (pacha wake mwenye chaji kinyume), ambayo kwa kuwa haidumu hailazimiki kuwa na nishati kamili ya chamu iliyo huru. Kwa vile huja kwa jozi, chaji ya protoni haibadiliki, na kwa nyutroni ni vivyo hivyo.

Hapa pana jambo la kwenda nalo polepole. Chamu inayozaliwa na gluoni huonekana zaidi kadiri protoni inavyogongwa kwa nishati kubwa. Lakini mwaka 1980 mwanafizikia Stanley Brodsky na wenzake walipendekeza aina nyingine, iliyo sehemu ya muundo wa protoni hata kabla haijagongwa, na ambayo, kwa uzito wake, hubeba fungu kubwa la momenta (kiasi cha mwendo) ya protoni kila inapokuwepo. Mwaka 2022 kundi la NNPDF, la wanafizikia wanaochambua muundo wa protoni, lilichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa sigma 3 wa chamu hiyo (sigma hupima jinsi matokeo yalivyo mbali na kuwa ya bahati tu), likaulinganisha na vipimo vya LHCb, jaribio la kugonganisha protoni kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya. Kwa wastani, chamu hiyo hubeba chini ya asilimia 1 ya momenta ya protoni. Ugunduzi katika fani hii hutangazwa kwa sigma 5, na wapo wachambuzi ambao hawajaridhika. Kwa hiyo mwanafunzi aandike kuwa upo ushahidi, asiandike kuwa imethibitishwa, na kila anapotaja chamu ndani ya protoni aeleze ni ipi kati ya hizo mbili anayoikusudia.