PCSX2: mchezo unakuwa mzito na sauti inakatika

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: mchezo unafunguka vizuri kwenye PCSX2 (emuleta, yaani programu ya kuchezea michezo ya PlayStation 2, au PS2, kwenye kompyuta), lakini mapigano yakianza picha inakuwa nzito na sauti inakatikakatika, na umeshahangaika na mipangilio ya sauti bila nafuu.

Sauti iache kwanza, hiyo ni dalili tu. Inakatika kwa sababu emuleta imeshuka chini ya asilimia 100 ya kasi yake.

Anza nyuma ya kompyuta. Kebo ya skrini yangu ilikuwa imechomekwa kwenye mazabodi, si kwenye kadi ya michoro, kwa hiyo kadi ilikaa bure muda wote. Nilipoihamisha na kuchagua jina la kadi kwenye mipangilio ya picha, mchezo niliokuwa nacheza mimi ulitulia kwenye fremu 60 kwa sekunde. (Matoleo mengi ya Ulaya hutembea kwa 50, usishtuke.)

Kama kebo iko sawa, washa takwimu zionekane juu ya skrini. GPU (kadi ya michoro) ikikaribia asilimia 100, rudisha ukubwa wa picha kwenye kiwango asilia cha PS2, halafu panda hatua moja moja. Ikiwa EE (prosesa ya PS2 inayoigizwa) ndiyo imejaa, aliyelemewa ni prosesa ya kompyuta yako, na kupunguza ukubwa wa picha hakutasaidia kitu. Mimi nilipoteza jioni mbili nzima hapo. Kwenye mipangilio ya picha, jaribu pia Vulkan badala ya OpenGL (ni njia mbili za kuchora picha).

Mchezo wako wenyewe sijawahi kuucheza. Tuma picha ya takwimu wakati wa mapigano tuone.