Punda kugoma mkokoteni: acheni fimbo kwanza

Mkuu, umesema punda wako hapo Chamwino anatembea fresh akiwa hana kitu ila ukimfunga mkokoteni wa maji anaganda, na vijana wanamchapa. Waambie waache. Farasi akiogopa mara nyingi anatimua mbio, punda yeye anasimama kwanza, sasa ukimchapa hapo anachojifunza ni kwamba mkokoteni unaleta maumivu, basi.

Hawa wanyama wanaelewa pale unapoachia, sio pale unapovuta. Vuta kamba taratibu, akiinua mguu hata hatua moja legeza hapo hapo, ukichelewa hajui umemlegezea kwa lipi. Ukilegeza akiwa amegoma ndo umemfundisha kugoma, wengi wanaharibu hapo halafu ooh punda mbishi.

Mkokoteni mwache aunuse, mtu auvute mbele yake yeye aufuate, azoee tairi zikikwaruza changarawe, maana nyuma kabisa haoni na kelele asiyoiona lazima imtishe. Kisha mfunge ukiwa mtupu, madumu yaje mwisho. Mkague na mabegani, kama kamba imemchubua huyo hagomi, anaumwa.

Na wewe utulie. Ujerumani kulikuwa na farasi Hans, watu wakadhani anajua hesabu, 1907 ikaja kujulikana alikuwa anasoma tu vile anayemuuliza anavyotikisa kichwa kidogo. Kwa hiyo hasira za foleni ya kisimani usiende nazo kwa punda. Fanyeni asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika chache, akipatia mfungue akale.