Injinia wa softwea mwenye uzoefu, kabla hujahama jiulize umechoka na nini

Wenzangu wengi wenye miaka mingi kwenye softwea wananiuliza niache niende wapi, na mi huwa nawarudishia swali, umechoka na nini hasa? Maana unaweza kuwa umechoka na bosi, au na kuamshwa usiku wa manane seva zimedondoka, au na bidhaa ambayo hata wateja hawaipendi, au kweli umechoka kuandika programu. Wa bosi ahame timu tu. Wa usiku atafute sehemu yenye zamu zinazoeleweka. Huyo wa mwisho ndo tukae tuongee.

Mi nilikaa sana kwenye mifumo ya malipo, nikafanywa meneja, nikarudi kuandika programu, sasa hivi niko kwenye data.

Umeneja watu wanadhani ni kupandishwa cheo, wakati ni kazi nyingine kabisa. Siku nzima vikao, tathmini za watu, intavyuu za kuajiri, na kuna siku unamwita mtu ndani umwambie kazi yake imeisha, hilo hakuna anayekufundisha. Zamani ulikuwa unarekebisha bagi, yaani kosa kwenye programu, jioni unalala umeridhika, sasa matunda ya kazi yako utayaona baada ya miezi na yataonekana kupitia mikono ya wengine. Kuna waliozaliwa kwa hiyo kazi, mi sio mmoja wao japo kuwakuza majunia, yaani mainjinia wachanga, nilipenda sana. Kurudi inawezekana ila usikae miaka mingi bila kugusa programu, na kabla hujakubali cheo uliza kama kuna ngazi ya mainjinia waandamizi inayolipa sawa na mameneja, kampuni kubwa nyingi za teknolojia wanayo.

Sasa hapa ndo penyewe. Mtaji wako sio lugha ya programu. Flash, teknolojia ya kutengenezea gemu na michoro ya kwenye tovuti, ilikuwa inaajiri watu kibao, Adobe wenye nayo wakaacha kuisapoti mwisho wa 2020, aliyekuwa anajua Flash peke yake akabaki anahangaika ila aliyeelewa gemu zinatengenezwaje alihama na ujuzi wake. COBOL nayo ni lugha ya programu ya 1959 na mpaka leo kuna mabenki yanaitegemea, na thamani ya wale wazee wake sio sintaksia, yaani kanuni za kuiandika lugha, hizo mtu mwenye akili anajifunza haraka tu, thamani ni kujua kwa nini hesabu ya riba imeandikwa vile na ukiigusa nini kinaharibika. Mi nilichohama nacho sio Java, ni kujua muamala ukikatika katikati hela iko wapi, na ombi likitumwa mara mbili ufanyeje mteja asikatwe mara mbili. Kwa hiyo nilipoenda kwenye data nikachagua data za malipo hukohuko, nikabadilisha kazi bila kubadilisha eneo, na mshahara haukushuka. Ukibadilisha vyote kwa mpigo unaanza upya kama junia, sio dhambi, ila ujue na familia yako ijue.

Kuna kazi watu wanaisahau, yule anayeenda na timu ya mauzo kumweleza mteja mfumo unafanyaje kazi. Kama unapenda kuongea na unaijua bidhaa, inalipa vizuri, ila targeti ya mauzo itakufuata mpaka usingizini. Usalama wa mifumo pia unamfaa aliyeshazoea kufikiria vitu vitaharibikaje.

Na AI, hii akili bandia? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 hili swali haliishi. Mi naona kuikimbia softwea kwa woga huo tu ni haraka mno, jifunze kuitumia, maana inaandika upesi na inakosea kwa kujiamini, na wa kugundua kosa ni yule aliyeshaona mifumo ikianguka.

Ukishaamua, barua ya kuacha iache kwanza, na kama kampuni ilikuahidi hisa, usome mkataba wake. Kwenye kampuni changa nyingi hisa zinakuwa zako kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha hupati hata moja. Na kama ulichopewa ni haki ya kununua hisa, mikataba mingi inakupa siku 90 tu za kuzinunua baada ya kuondoka, na hela ya kununulia ni yako, kodi pia, so piga hesabu hiyo ungali kazini.