Kapteri ya bondeni inanyamaza, tufanyeje?

SWALI: Jambo sana mwalimu. Sisi tuko wanafunzi wa elektroniki hapa Goma, tunajaribu kuweka kapteri, yaani sensa, za kupima gazi ya mazuku kwenye parseli moja upande wa Himbi. Batri hatutaki maana nani ataenda kuzibadilisha kila mara, kwa hiyo kuko antene moja juu ya nyumba inazipa nguvu kwa mawimbi ya redio, zikishapata zinarudisha data kwa antene ileile. Za karibu zinatuma muzuri, ila ile ya bondeni karibu na ukuta mara inatuma mara kimya. Mwenzangu anasema tupe za karibu muda mwingi wa kutuma ndiyo data ya rezo nzima, yaani mtandao wote wa kapteri, ipande. Ako sawa?

JIBU: Jambo mdogo wangu. Kwa hesabu tupu ako sawa, na ndiyo maana hesabu hiyo inaniogopesha. Mazuku ni gazi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inateremka inajikusanya mabondeni, sasa ninyi mnataka kuinyima muda ile kapteri moja iliyo pale gazi inapolala, halafu mjivunie data nyingi ya barazani ambako hakuna kitu! Jumla itapanda na mtu anaweza kufa.

Kapteri ya mbali inapigwa mara mbili. Hata mahali peupe, umbali ukiwa mara 2, nguvu inayofika inabaki robo, na ikitaka kutuma inapita njia ileile na hasara ileile, robo ya robo, yaani antene inasikia 1/16 tu. Hapo bado sijaweka ukuta wa mawe ya volkano. Ni kama aliyelala njaa ndiye unamtuma safari ndefu kuliko wote. Hyungsik Ju na Rui Zhang wa Singapore waliieleza 2014: kwanza antene inatoa nguvu, kisha kila kifaa kinapewa kipande chake cha muda cha kutuma, na ukitafuta jumla kubwa tu, vya mbali vinaambulia kidogo sana. Dawa yao ni kulenga kila kifaa kifikishe data sawa, kwa hiyo muda wa kutoa nguvu unarefushwa, na ya mbali inapewa kipande kirefu kuliko za karibu. Jumla inashuka, ndiyo, mkubali ishuke.

Anzeni na hiyo, ni programu tu mnabadilisha. Ikikataa, kapteri ya katikati ipokee data ya bondeni iipitishe. Lakini mimi ningetenganisha kabisa: antene ya kutoa nguvu isogee karibu na bonde, ya kupokea ibaki juu ya paa, hapo ile ya bondeni haipigwi tena mara mbili.

Na msitarajie makubwa. Antene ya wati 4, tukihesabu na kule kuelekeza kwake, kwa megahertz 915 inafikisha kama miliwati 0.1 kwa mita 5, kwa mita 10 robo ya hapo, na bado hamjaigeuza kuwa umeme. Kapteri ya gazi ya infraredi inakula kuliko hiyo, kwa hiyo kondansateri, ile ya kutunza umeme, ijae polepole, ipime mara moja, itume, ilale. Tena 915 ni masafa ya vifaa vya Marekani, huku kwetu yanagusana na ya telefone za GSM 900, muulize ARPTC, wasimamizi wa mawasiliano wa Kongo, kabla ya kuwasha.

Muda wa kupima pangeni usiku na alfajiri, hewa ikitulia ndiyo mazuku inajaa. Na kapteri ya bondeni muifunge kamba tangu siku ya kwanza, ikinyamaza muivute juu, mtu asishuke kuifuata.