Miche ya vyunguni na safari ya siku kumi: shika utambi, chupa kichwa chini iache

Dada, umesema una miche 20 ya mipapai na pilipili barazani huko Malindi, unakwenda harusini Mombasa siku kumi, na mtu wa kukumwagilia hakuna. Mimi niko Lamu, miche yangu iko juu darini, na kaskazi ikipuliza udongo hukauka kabla ya adhuhuri. Haya nimejifunza kwa hasara.

Kuchomeka udongoni chupa ya maji kichwa chini usijaribu. Kwa udongo wetu wa mchanga maji yote hushuka usiku mmoja, asubuhi chupa tupu. Mimi nilikwenda Faza siku nne, kurudi nikakuta pilipili zimekauka kama za kusaga, na hazijazaa hata moja.

Utambi ndio dawa, kama wa kandili: udongo ukikauka unavuta, ukilowa unatulia. Kata katikati chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, pitisha utambi, kisha pindua nusu ya juu, itie udongo na mche, uikalishe ndani ya nusu ya chini yenye maji. Utambi uzungushe mara moja ndani ya udongo, mkia wake uguse chini kabisa. Loweka utambi kwanza, na udongo umwagilie kutoka juu. Utambi mkavu kwenye udongo mkavu haupandishi kitu.

Wangu wa kwanza ulikuwa fulana kuukuu ya pamba. Baada ya wiki tatu ukaoza palepale unapoingia udongoni, maji yamejaa chini na mche unalegea juu. Sasa nachana jezi za mpira za wanangu, zile za poliesta. Hazijaoza bado.

Mchanga mtupu haupandishi maji vizuri. Nachanganya na usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliokatwakatwa na samadi kavu ya punda, ambayo huku hatununui. Usumba wa makumbi yaliyofukiwa pwani uoshe mara tatu nne, umejaa chumvi.

Na chumvi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kisima chetu ni cha magadi kidogo. Maji yakipanda na kukauka, chumvi hubaki juu, utaona ganda jeupe na ncha za majani zinaungua. Kila wiki mbili namwagia kutoka juu maji ya mvua mpaka yachuruzike chini, nayamwaga. Wewe wa maji matamu ya bomba kutoka Baricho una nafuu.

Chupa zifunge kitambaa cheusi kote, ukijani usiote na mbu wasipate mlango. Hapa Lamu 2004 ukame ulitufanya tuweke maji majumbani kwenye mitungi na mapipa, mbu wakazaliana humo, chikungunya, homa ya mbu inayouma viungo, ikalaza watu nyumba kwa nyumba. Wazee walitia samaki kwenye birika wale viluwiluwi. Kwenye chupa, samaki utamweka wapi?

Mipapai ikishahamia pipa, zika katikati mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ujaze, funika kwa kigae. Maji hutoka polepole kupitia ubavu wake.

Usifunge safari kabla ya kupima. Sogeza miche kivulini, weka alama ya kalamu kwenye chupa, ngoja siku tatu. Maji yakishuka vidole viwili kwa siku, chupa haitafika siku kumi: chukua ndoo yenye kifuniko, kitoboe kifuniko matundu manne, miche minne inywe humo, kila mmoja na utambi wake.