Jeshi la anga za juu na kodi ninayokatwa Marekani

Shikamooni wazazi wangu, na ninyi wadogo zangu natumaini hamjambo. Mjomba aliniuliza katika simu kama ni kweli kwamba serikali ya huku imeunda jeshi la kulinda anga za juu, mahali asikoishi mtu, na kama kodi ninayokatwa ndiyo inayoendesha upuuzi huo. Binamu zangu nao wakaongeza kwamba nchi yenye uwezo wa namna hiyo haiwezi kuwa na watu wanaoshindwa kulipia matibabu, hivyo ninaposema maisha ya huku ni magumu ninatafuta kisingizio. Muda wa simu haukutosha, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia.

Jeshi hilo lipo, na kodi yangu imo. Liliundwa rasmi tarehe 20 Desemba 2019, Rais Donald Trump alipotia saini sheria ya bajeti ya ulinzi, na ni tawi jipya la kwanza tangu Jeshi la Anga, lile la ndege, lilipotenganishwa na jeshi la nchi kavu mwaka 1947. Wengi hudhani lilikuwa wazo la Trump peke yake, lakini mwaka 2017 wabunge wawili wa vyama vinavyopingana, Mike Rogers wa Alabama na Jim Cooper wa Tennessee, walikwisha kupendekeza kikosi cha aina hiyo, na waliowapinga walikuwa wakuu wa ulinzi wenyewe. James Mattis, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, aliliandikia Bunge kwamba hataki kuongezewa ngazi nyingine za utawala wakati anajaribu kuzipunguza. Mwaka uliofuata uongozi wa Jeshi la Anga ukakadiria kwamba kuliunda tawi hilo kungegharimu kama dola bilioni 13 kwa miaka 5. Mwishowe likapita kwa mapatano: upande wa Trump ulipata jeshi lake, na wapinzani wake wa chama cha Democrat wakapata likizo ya uzazi yenye malipo ya wiki 12 kwa watumishi wa serikali kuu. Mimi naiona likizo hiyo kuwa jambo jema sana, ila inasikitisha kwamba ilibidi inunuliwe kwa namna hiyo.

Sasa, je, jeshi lenyewe ni upuuzi? Hapa sikubaliani na Mjomba. Ninaishi Aurora, katika jimbo la Colorado, na nikienda kazini naziona kuba kubwa nyeupe za kambi ya Buckley, ambazo ndani yake mna antena za kuwasiliana na setilaiti zinazogundua kombora likirushwa popote duniani. Januari 2020 Iran iliposhambulia kambi ya Al Asad kule Iraq, waliokuwa zamu Buckley ndio waliotoa tahadhari, askari wakawahi kuingia mahandakini. Zaidi ya 100 waliumia ubongo kwa mshindo wa milipuko, lakini hakuna Mmarekani aliyekufa. Jeshi hilo hilo ndilo linaloendesha setilaiti za GPS, ambazo dunia nzima inazitumia bure. Kijana wa bodaboda anayemtafuta abiria kwa simu anazitegemea, na minara mingi ya simu husawazisha saa zake kwa mawimbi ya setilaiti hizo. Mwaka 2007 China ililipua setilaiti yake kuukuu kwa kombora na kuacha angani vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa kwa rada. Mwaka 2021 Urusi ikafanya vivyo hivyo, na wanaanga waliokuwa katika kituo cha kimataifa wakalazimika kujihifadhi. Kwamba mabaki ya angani yanaweza kutua kwa watu wasiohusika mmekwisha kuona, kwani Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500, iliyotoka katika roketi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, hapo kwa jirani zetu wa Kenya. Hatari ipo, na mtu wa kuzilinda setilaiti lazima awepo.

Kinachoniuma ni namna fedha zinavyotumika, nami naanza na mfano wa hizo hizo GPS. Mkataba wa kutengeneza mfumo mpya wa kuziongoza kutoka ardhini ulitolewa mwaka 2010, lakini zaidi ya miaka 10 ikapita kabla mfumo haujakabidhiwa, na gharama zikapanda zaidi ya mara mbili. Aliyechelewesha hakufukuzwa kazi, aliongezewa fedha. Huko kwetu Tanzania, ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka, halmashauri yenye hati chafu huzungumzwa nchi nzima na mkurugenzi wake hupoteza usingizi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikaguliwa hesabu zake zote kwa mara ya kwanza mwaka 2018, na hadi ukaguzi wa 2024 ilikuwa imeshindwa kila mwaka, kiasi kwamba wakaguzi hawakuweza hata kutoa maoni, kwa kuwa kumbukumbu hazikutosha. Bajeti iliyofuata haikupunguzwa.

Mambo madogo ndiyo yanayoonyesha tabia. Mwaka 2019 mkaguzi wa wizara hiyo alieleza kwamba kampuni ya TransDigm iliuza pini ya chuma kwa dola 4,361 wakati bei ya haki ingekuwa dola 46. Mwaka 2024 akaeleza kwamba vifaa vya kutolea sabuni katika vyoo vya ndege za C-17 vilinunuliwa kutoka Boeing kwa zaidi ya mara 80 ya bei ya kawaida. Meli ya kivita USS Sioux City, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 360, ilianza kazi mwaka 2018 ikastaafishwa mwaka 2023, wakati meli za aina yake zilitarajiwa kudumu kama miaka 25.

Mtauliza kwa nini wabunge wanakubali. Wanakubali kwa sababu kila kiwanda na kila kambi ni ajira za wapiga kura wa mtu fulani. Mwaka 2012 Jenerali Ray Odierno, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliwaambia wazi kwamba hahitaji vifaru zaidi vya Abrams kwa wakati ule, nao wakamtengea fedha za kuvishughulikia, kwa kuwa kiwanda cha Lima, Ohio, kilikuwa hatarini kusimama. Katika mambo ya anga tumeliona hapa hapa Colorado. Januari 2021 iliamuliwa kwamba makao makuu ya kamandi ya anga za juu, yaani uongozi wa operesheni za kijeshi huko angani, yahamie Huntsville, Alabama. Mwaka 2023 Rais Biden akaamua yabaki Colorado Springs. Septemba 2025 Trump akayarudisha Huntsville. Majirani zangu wengi waliumia, na siwalaumu, kwani wengine mkate wao unatoka huko. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia hapa mtaani, watu walizungumzia nyumba, shule na ajira, na ni wachache waliouliza ni wapi kazi ingefanyika vizuri zaidi.

Binamu zangu, nanyi niwajibu. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 katika nchi hii hawakuwa na bima ya afya. Ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na wapo wenzangu wanaoahirisha kipimo hadi marejesho ya kodi yafike. Sisemi kwamba dola iliyookolewa kwenye kombora ingekwenda hospitali yenyewe, maana huku matibabu ni ghali kwa sababu zake nyingine nyingi. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa bajeti ya jeshi hauwaambii chochote kuhusu mfuko wa mtu anayeishi chini ya setilaiti hizo. Tazameni mizani yenyewe: PEPFAR, mpango ulioleta dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika zahanati zetu, ulitumia kama dola bilioni 100 na kidogo duniani kote tangu 2003. Mpango wa aina moja tu ya makombora mapya ya nyuklia, Sentinel, ulipanda kutoka makadirio ya bilioni 78 hadi karibu bilioni 141 mwaka 2024, na wizara ikaamua uendelee. Miezi michache baadaye, Januari 2025, misaada ya nje ndiyo iliyosimamishwa, kwa hoja ya kuhakiki ufanisi wake na kama inalingana na sera ya Marekani. Nililia siku hiyo, kwa kuwa nazijua nyumba ambazo dawa hizo zinaingia.

Jeshi la anga za juu halitavunjwa, Mjomba. Biden aliporithi serikali mwaka 2021 aliliacha liendelee, na vyama vyote viwili vimekwisha kulizoea. Mabishano ya sasa ni juu ya ngao ya makombora iitwayo Golden Dome, ambayo Mei 2025 Trump alisema itagharimu dola bilioni 175 na kukamilika kwa takriban miaka 3. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikuwa imekadiria kwamba silaha za angani peke yake katika mpango wa namna hiyo zingeweza kugharimu kati ya bilioni 161 na 542 kwa miaka 20. Nimemwandikia mbunge wangu nikimtaka adai fedha hizo zitolewe kwa awamu, na kila awamu ifuate ukaguzi uliofaulu. Sasa nina uraia, na katika uchaguzi wa Novemba 2026 nitampa kura yangu mgombea atakayelisema hilo hadharani, hata kama yupo mfanyakazi wa Buckley anayemsikiliza.